Hilux ya 1993, sentimita sita na mfuko mwembamba: uzoefu wangu

Gari lenyewe ni Hilux ya kizazi cha tano, ya 1993, dizeli ya lita 2.8, mbele toshenibaa (fimbo za chuma zinazofanya kazi ya springi) na nyuma springi za majani, yaani bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Nililinunua likiwa limechoka lakini halijaoza, na kwa gari la umri huo mimi hutazama kuoza kwanza, mengine baadaye. Tatizo lilikuwa kimo. Kwenye njia iliyochimbwa na magurudumu ya malori, sahani za springi za nyuma zilikuwa zinakwaruza tuta la katikati, na mara mbili nililazimika kushuka na jembe. Nimeliendesha likiwa limeinuliwa kwa mwaka mmoja na nusu sasa, kilomita 22,000 hivi, kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyakalia na kuyalipia.

Seti kamili ya kuinulia kutoka kwa watengenezaji wanaojulikana, yenye springi, shokapu na toshenibaa mpya, ingegharimu karibu nusu ya bei niliyonunulia gari. Hiyo niliiacha siku ile ile nilipouliza.

Kabla ya kununua chochote niliingia chini na tochi. Nikakuta zawadi ya mwenye gari aliyenitangulia: kati ya springi na ekseli ya nyuma kulikuwa na vipande viwili vya chuma cha boksi, vimechomelewa na mtu ambaye nadhani rula yake ilikuwa imepotea, kila kimoja kimo cha milimita 40. Kimoja kilikuwa na ufa unaoingia ukucha. Maana yake springi zilikuwa zimelala zamani, na badala ya kuzitibu, mtu aliziwekea viatu virefu. Vipande vya kuinulia nyuma vipo vya kiwandani, vizito na vya kipande kimoja, na hivyo sina ugomvi navyo sana. Ila hata vizuri vinaongeza mkono wa nguvu: ukikanyaga mafuta ekseli inataka kujizungusha, na kadiri ilivyo mbali na springi ndivyo inavyozikunja zaidi kama herufi S. Ndiyo maana gari lilikuwa linaruka nyuma, du-du-du, kila nikipanda mlima kwa gia ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuishuku klachi. Vya boksi vya kuchomelea viogope, na kwenye ekseli ya mbele inayopinda kona usiweke kipande cha aina yoyote.

Nikapima. Hili ni jambo la dakika tano na watu wengi hulikosea: pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madgadi juu yake. Ukipima kutoka chini, upepo wa tairi unakudanganya. Mbele nilipata milimita 470, nyuma 455 pamoja na vile vipande. Nikaviandika ndani ya mlango kwa kalamu ya rangi, bado vipo.

Nikaanza na mbele kwa sababu mbele ni bure. Toshenibaa ni fimbo ya chuma inayojisokota pale springi nyingine zingejikunja. Upande mmoja imeshikwa na mkono wa gurudumu, upande mwingine imeshikwa na nanga yenye bolti kwenye chasisi. Ukiikaza bolti, nanga inazunguka na pua ya gari inapanda. Hununui kitu. Unahitaji spana kubwa, mafuta ya kulegezea kutu, na subira ya kupiga jeki chini ya chasisi hadi magurudumu yaning'inie, maana ukiikaza bolti hiyo huku imebeba uzito wa gari unaweza kuzichuna nyuzi zake, na bolti ya miaka thelathini haina nyuzi za kuchezea. Pima urefu wa nyuzi zilizochomoza kabla ya kugusa, ili ukitaka kurudi ujue nyumbani ni wapi. Na kama utazitoa fimbo zenyewe, weka alama ya kulia na kushoto. Kila moja imezoea kusokotwa upande wake na hazibadilishani.

Nilikaza pande zote mbili sawasawa, nikaendesha kidogo gari likae, nikapima tena, nikakaza tena. Jioni hiyo mbele ilikuwa imepanda milimita 50. Nilitembea nikilizunguka gari kama mtu aliyeoa.

Fundi wangu alipoliona alicheka. "Bosi, chuma hiki hukukiongezea nguvu. Umekizungusha tu."

"Lakini fundi, limekuwa gumu. Hulisikii?"

"Ugumu huo siyo wa springi. Hebu piga jeki nikuonyeshe."

Akanionyesha. Mkono wa juu una mpira unaolizuia gurudumu lisishuke kupita kiasi. Mwanzoni, gari likiwa limesimama, kulikuwa na nafasi ya kutosha vidole viwili kati ya mkono na mpira huo. Sasa kulikuwa na milimita 8. Yaani gurudumu lilikuwa limebakiwa na karibu sifuri ya kushuka. Likiingia shimoni haliwezi kulifuata, linaning'inia hewani, na mkono unagonga mpira: ko! Huo ndio ugumu niliokuwa nausifia. Ukakamavu wa toshenibaa unaamuliwa na urefu wake, unene wake na chuma chake. Unene hasa, kwa sababu ukakamavu hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, na fimbo iliyonenepa kwa asilimia 10 tu inakuwa ngumu kwa karibu asilimia 46 zaidi. Bolti ya nanga haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Inahamisha mahali pa kusimama, basi.

Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshapiga picha.

Malipo yalikuja kwa awamu. Kwanza matairi ya mbele: sikupeleka gari kupima mlingano wa magurudumu kwa sababu nilikuwa nabana senti, na kwa kilomita 1,200 ukingo mmoja wa kila tairi ulikuwa umelika hadi ukawa laini, katikati bado kuna kashata nzuri. Ukiinua mbele ya namna hii, magurudumu yanabadilisha mwinamo na mwelekeo, hakuna njia ya kulikwepa hilo. Kisha mpira wa jointi ya ekseli ya mbele upande wa kushoto ukapasuka pale mikunjo yake inaposuguana, kwa sababu ekseli ilikuwa inafanya kazi kwa pembe kali kuliko ilivyozoea, ikamwaga grisi yote ndani ya rimu. Mpira ni wa bei ndogo. Kazi ya kuubadilisha ni ya nusu siku, na ukichelewa mchanga unaingia na jointi inakwenda. Niliiwahi kabla haijafika huko.

Nikarudisha bolti nyuma hadi kimo kikabaki milimita 30 juu ya mwanzo. Nafasi ya kushuka ikarudi, kugonga kukaisha, ekseli ikanyooka kiasi. Hapo ndipo nikapeleka gari kwenye mlingano, na tangu hapo matairi yanalika sawasawa. Wapo wanaoshusha difu ya mbele (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) kwa vipande vya kuweka nafasi ili wapate pembe nzuri na kimo kikubwa pamoja. Inafanya kazi, lakini unapunguza nafasi chini ya difu, ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa naitafuta, kwa hiyo kwangu haikuwa na maana.

Nyuma ilikuwa kazi ya kweli. Nilivitoa vile vipande, na gari likaketi: milimita 415. Lilifanana na mbwa anayejikuna.

Hapa kuna njia kadhaa za mtu wa mfuko mdogo, na nimejaribu tatu. Ya kwanza, kukunja upya springi za zamani. Fundi wa springi anayapiga majani yakiwa baridi hadi upinde urudi. Nilifanya hivyo miaka ya nyuma kwenye gari jingine na kwa miezi minne lilikuwa limerudi lilipotoka. Chuma kilichochoka kimechoka. Ya pili, kuongeza jani. Unafungua senta bolti, ile inayoyashika majani pamoja katikati, unaingiza jani jipya lenye upinde mkali zaidi chini ya jani mama, unafunga. Upana lazima ulingane, yangu ni milimita 60, na tundu la katikati likae panapotakiwa. Jani hilo usilichomelee, usilipashe moto, usilikate kwa gesi. Chuma cha springi kina ugumu wake uliotokana na kupikwa kiwandani, na moto wa gereji unauondoa, kisha siku moja linakatika pale pale palipoguswa.

Niliongeza jani moja kila upande. Nyuma ikapanda milimita 60, na baada ya miezi miwili ya kazi ikatulia kwenye 50. Hili ndilo ningemshauri mtu alifanye hata kama hafanyi jingine lolote. Kuna gharama yake: gari likiwa tupu ni gumu kuliko zamani, abiria wa nyuma wananiambia kila safari. Likiwa na magunia manne, ni raha.

Ya tatu ni shakeli ndefu, vile vyuma viwili vinavyoishika ncha ya nyuma ya springi. Watu hununua shakeli iliyozidi milimita 50 wakitegemea kimo cha milimita 50, halafu wanadhani wameibiwa. Ekseli iko karibu katikati ya springi, kwa hiyo inapata nusu tu. Mimi nilipata 25, kama hesabu ilivyosema. Jozi ya kwanza niliyonunua haikuwa na chuma cha kuunganisha upande na upande, na gari likawa linayumba kiuno kwenye kona kama limevaa viatu vya mtu mwingine. Niliirudisha, nikachukua yenye kiunganishi, kuyumba kukapungua sana, ingawa hakukuisha kabisa. Shakeli nazipa alama za wastani. Ningekuwa na subira ningeagiza jani lenye upinde mkubwa zaidi nikaachana nazo.

Hesabu ya nyuma basi: 415, jumlisha 50, jumlisha 25, ni 490. Kutoka nilipoanzia, nimepanda milimita 35.

Mambo mawili ya kufunga ambayo fundi alinifundisha na sitayasahau. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli, ziwe mpya kila ukizifungua, kwa sababu zikikazwa mara ya kwanza zinavutika kidogo na hazishiki tena vile vile, na baada ya kilomita mia kadhaa uzikaze upya. Za kwangu zilikubali karibu robo ya mzunguko. La pili, bolti zinazopita kwenye bushi za mpira usizikaze gari likiwa juu ya jeki. Lishushe, lisimame kwa magurudumu yake, litikise, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa juu, mpira unashikwa ukiwa umejipinda na unaishi maisha yake yote umejipinda. Bushi za mwenye gari aliyenitangulia zilikuwa zimepasuka zote upande mmoja, nikaelewa kwa nini.

Sasa jambo lililonitisha. Wiki ya kwanza baada ya kuinua nyuma, nilifunga breki kwa nguvu kwenye barabara yenye maji na pua ikazama kama inapiga magoti, magurudumu ya mbele yakateleza, nyuma nikawa naona haifanyi kazi yake. Nilidhani hewa imeingia kwenye mfumo. Tukatoa hewa, hakuna. Kumbe Hilux hizi zina vali ya breki inayopima mzigo: iko kwenye chasisi karibu na ekseli ya nyuma, na fimbo yake imefungwa kwenye ekseli. Gari likibeba mzigo chasisi inashuka, vali inaruhusu shinikizo zaidi kwenda breki za nyuma. Likiwa tupu chasisi inapanda, vali inabana. Mimi nilikuwa nimeinua chasisi, kwa hiyo vali iliamini gari ni tupu wakati wote, hata likiwa na magunia. Tiba ilikuwa braketi ndogo ya kuinua mahali fimbo inaposhika ekseli, kwa kiasi kile kile chasisi ilichopanda. Kipande cha bapa na matundu mawili. Katika kazi yote, hakuna kilichokuwa na bei ndogo zaidi ya hicho. Aliyeniuzia shakeli hakunitajia, wala sijaona maelezo yoyote kwenye boksi lake.

Siku hiyo hiyo angalia na mpira wa breki wa nyuma. Piga jeki ekseli ining'inie hadi mwisho wake, uone kama mpira umevutwa. Wangu ulikuwa na nafasi. Bomba la kupumulia la difu ndilo lililokuwa limechomoka, nikalifunga juu zaidi na sasa navuka maji bila wasiwasi wa mafuta ya difu kugeuka maziwa.

Shokapu nilinunua mpya, na ni kitu pekee mbali na matairi ambacho sikubania. Za mbele zilibaki za urefu wa kawaida, kwa milimita 30 zinatosha. Za nyuma nilichukua ndefu kwa milimita 40. Usinunue kwa kukisia. Pima kutoka pini hadi pini ekseli ikiwa inaning'inia, kisha pima tena ekseli ikiwa imegusa mpira wa kizuizi. Shokapu iliyofungwa kabisa lazima iwe fupi kuliko kipimo cha pili, vinginevyo yenyewe ndiyo itakayokuwa kizuizi, na itapasuka. Zangu ni za gesi, za bei ya kati. Baada ya kilomita 22,000 hazijavuja.

Na matairi. Gari lilikuja limevaa 235/75R15, yenye kipenyo cha milimita 733 hivi. Nikaweka 31x10.5R15, ambayo ni 787. Tofauti ni milimita 54, nusu yake iko chini ya ekseli: 27. Hapa naomba unisikilize kwa sababu mimi nililielewa nikiwa nimeshatumia fedha. Springi, shakeli, jani, vyote hivyo vinainua chasisi na bodi. Difu ya nyuma iko kwenye ekseli, na ekseli inakaa kwenye matairi. Ungeweka springi za nusu mita, difu ingebaki pale pale inaparuza tuta lile lile. Gari langu kwa jumla limepanda milimita 57 mbele na 62 nyuma, ila kilichoiondoa difu na sahani za springi kwenye lile tuta ni zile 27 za tairi peke yake. Springi kazi yake kubwa ilikuwa kuyapa matairi mahali pa kukaa bila kukwangua madgadi, na kuongeza pembe ya kuingia na kutoka kwenye makorongo.

Matairi makubwa nayo yana deni. Saa ya mwendo inapunguza: ikisoma 80 kweli uko kama 86. Gia ya tano imekuwa mvivu, milimani narudi ya tatu mahali nilipokuwa napita na ya nne. Mafuta yanakwenda zaidi, siwezi kudanganya. Taa za mbele zilikuwa zinawamulika watu usoni hadi nilipozishusha. Na kwenye kona gari linainama kuliko zamani, kwa hiyo kichanja cha juu ya paa nimekitoa kabisa. Bima niliwaarifu kwa maandishi kuhusu matairi na springi.

Nikizigawa fedha zote nilizotumia katika mafungu kumi, matairi yalichukua sita, shokapu mbili, majani na yubolti na shakeli moja, na fungu la mwisho likaenda kwenye mlingano, ule mpira wa jointi, braketi ya breki na makosa yangu. Kama una mafungu manne tu, kuinua kuache kwanza: nunua shokapu na jani la nyuma, rudisha gari kwenye kimo chake cha kiwandani. Utashangaa jinsi lilivyokuwa limeshuka. Anayetaka sentimita kumi atafute bajeti nyingine, kwa sababu hapo propela shafti, stelingi na kila mpira chini ya gari vinaanza kudai.

Bado kuna mlio mmoja, kwi, upande wa nyuma kulia nikipanda tuta polepole. Nashuku bushi ya shakeli. Nimeipaka grisi mara mbili, unakaa kimya wiki moja unarudi. Vile vipande vya boksi nimevihifadhi. Kimoja nakitumia kuzuia gurudumu ninapopiga jeki, kile chenye ufa nimekining'iniza ukutani mwa gereji mahali ambapo fundi anakiona kila akija.